Namna ya Kumchagulia Mtu Gemu la Upelelezi: Mwongozo Kamili kwa Anayependekeza

Gemu la mpira halichakai. Mtu akifungwa leo kwenye kibanda cha gemu, kesho atalipa tena na kuanza upya, na utamu wake utakuwa uleule. Gemu la upelelezi lina tabia nyingine kabisa, kwa sababu huchezwa mara moja tu. Ukishajua nani aliua, kwa nini, na alifanyaje, hata ukilirudia baada ya miaka mitano utakuwa unakumbuka, wala hutakuwa unapeleleza tena. Kwa hiyo mtu anayekuuliza "Nicheze nini?" anakukabidhi kitu ambacho ukikiharibu hakirudishiki, kwani ukimpa gemu lisilomfaa ataliacha katikati akiwa tayari amekwishaona nusu ya siri, na neno moja likikuponyoka umemnyang'anya usiku kadhaa wa furaha.

Jamaa zangu hapa Dodoma wamekuwa wakiniuliza swali hilo kwa miaka kadhaa, na nimeshakosea vya kutosha kujua kwamba kupendekeza kuna hatua zake. Nazieleza hapa kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya kwanza: uliza kabla ya kutaja jina lolote

Kosa la kawaida ni kutaja gemu ulilolipenda wewe. Mapenzi yako si kipimo cha mwenzako, kwa kuwa magemu haya yanatofautiana katika kazi yanayompa mchezaji kuliko yanavyotofautiana katika visa vyake. Jambo la kutafuta ni aina ya kufikiri inayomfurahisha mtu huyo.

Kwa aliyesoma riwaya za Kiswahili, ninalo swali moja linalofanya kazi vizuri: je, ulimpenda Bwana Msa au Willy Gamba? Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia vitabuni mwaka 1960, ni mtu wa kutulia na kiko chake, anayetazama kitu kidogo ambacho wengine wamekipita na kukipanga katika hoja. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetokea katika miaka ya 1970, yuko mbioni, yuko hatarini, na msomaji anakimbia pamoja naye. Anayejibu "Msa" na anayejibu "Gamba" hawawezi kupewa gemu moja, hata kama wote wawili wanasema wanapenda upelelezi.

Vijana wengi hawajawasoma wote wawili. Kwao ninauliza hivi: ugomvi wa jirani unaposuluhishwa kwa balozi wa mtaa na wewe uko pale unasikiliza, akili yako inafuata nini? Wapo watakaosema kwamba wanawatazama wasemaji ili kujua nani anadanganya. Wengine watasema kwamba wanajaribu kupanga mambo, yaani nani alifika kwanza, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, na ndoo ilikuwa ya nani. Wachache watasema kwamba wanataka kujua chimbuko la ugomvi wenyewe, tangu enzi za wazazi wao. Majibu hayo matatu ni milango mitatu.

Mlango wa anayetafuta uongo unaelekea mahakamani. Mfululizo wa Ace Attorney wa kampuni ya Capcom ya Japani, ulioanza mwaka 2001 chini ya uongozi wa Shu Takumi, humfanya mchezaji kuwa wakili wa utetezi. Unasikiliza ushahidi sentensi kwa sentensi, unambana shahidi, kisha unatoa kielelezo kinachopingana na alichosema. Magemu matatu ya mwanzo yamekusanywa pamoja na yanapatikana kwenye simu na kompyuta. Nina tahadhari moja: aliyewahi kufanya kazi mahakamani atakereka na taratibu zake, kwa maana kesi ya mauaji pale huendeshwa ndani ya siku tatu. Mwambie mapema kwamba ni mchezo wa kuigiza, naye atatulia.

Katika mlango huohuo ipo Her Story ya Sam Barlow, ya mwaka 2015, ambayo haina mahakama wala mahojiano unayoyaendesha wewe. Umekaa mbele ya kompyuta ya zamani ya polisi yenye vipande vya video za mwanamke mmoja aliyehojiwa mwaka 1994 kuhusu mumewe. Unaandika neno, nayo inakuletea vipande ambavyo neno hilo limetamkwa, ila hata vikiwa ishirini utaruhusiwa kuviona vitano vya mwanzo tu. Inakubidi ufikirie neno jingine lililo adimu zaidi, na kila neno linazaa jingine. Nimewaona watu wawili wakilicheza kwenye chumba kimoja, kila mmoja na kompyuta yake, na wakayajua mambo yaleyale kwa mpangilio tofauti kabisa. Haliwafai wanaotaka kuambiwa "umeshinda", kwa sababu ni wewe mwenyewe unayeamua kwamba umeelewa.

Mlango wa anayepanga matukio, ule wa Bwana Msa, ndio wenye magemu ninayoyathamini kuliko yote. The Case of the Golden Idol, iliyotoka mwaka 2022 na kutengenezwa na ndugu wawili wa Latvia, hukuonyesha tukio lililogandishwa: mtu ameanguka, mwingine ananyoosha mkono, wa tatu yuko dirishani. Unapekua mifuko, unasoma barua, unakusanya maneno na majina, kisha unayapanga katika maelezo yenye nafasi wazi mpaka yaseme ukweli. Gemu halikuongozi kwa mkono, ila likikuona umekaribia, yaani makosa yamebaki mawili au chini ya hapo, linakuambia. Hapo ndipo utamu ulipo, maana unajua uko karibu na hujui umekosea wapi.

Juu ya yote naiweka Return of the Obra Dinn, iliyotengenezwa na Lucas Pope na kutolewa mwaka 2018. Nitaizungumzia tena hapo chini.

Mlango wa tatu, wa mpenda chimbuko, una The Roottrees are Dead ya mwaka 2025, ambamo unaujenga upya mti wa ukoo wa familia tajiri kwa kutafuta habari kwenye intaneti ya mwaka 1998, enzi ambayo kompyuta ilipiga simu kwanza ndipo iunganishwe. Kila ukoo una shangazi anayejua nani alizaliwa na nani, nani alibadili jina, na nani hatajwi kwenye vikao. Huyo shangazi akikaa karibu na kijana anayemtafsiria, hili ndilo gemu lake. Kwa mtu wa mlango huu asiyependa mauaji kabisa, ipo Outer Wilds ya mwaka 2019, inayohusu upelelezi wa anga na ustaarabu uliotoweka. Sitasema zaidi juu yake, kwa sababu karibu kila sentensi ya kuieleza inaiharibu.

Na mtu wa Willy Gamba? Mpe L.A. Noire ya mwaka 2011. Ni Los Angeles ya mwaka 1947, kuna magari, risasi na kukimbizana, na katikati yake kuna mahojiano ambamo sura za waigizaji halisi zilinakiliwa kwa kamera ili mchezaji asome macho na midomo. Kazi yake ya kufikiri ni nyepesi kuliko ya magemu niliyoyataja juu, lakini kwa mtu huyu wepesi huo si kasoro.

Hatua ya pili: kagua kifaa, bando na umeme

Hapa hapahitaji maneno mengi. Uliza kama ana simu tu, kompyuta ya kazini, au kompyuta yenye nguvu. Obra Dinn inahitaji takriban GB 2, Disco Elysium, gemu nitakalolieleza katika hatua ya tatu, takriban GB 20, na tofauti hiyo ni kubwa kwa anayepakua kwa bando la simu. Ukiwa na intaneti nzuri ofisini au chuoni, mpakulie mwenyewe. Mengi ya magemu haya yakishapakuliwa huchezwa bila intaneti, jambo linalofaa sana kwa safari ya treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Kwa upande wa umeme, chagua gemu linalohifadhi hatua mara kwa mara, na mwambie achaji kompyuta mchana.

Kulipia kunawezekana kwa kadi ya mtandaoni inayofunguliwa kupitia huduma za pesa za simu. Mfahamishe pia kwamba Steam, duka la magemu la mtandaoni, hurudisha fedha iwapo ombi linatumwa ndani ya siku 14 tangu kununua na gemu limechezwa kwa muda usiofika saa mbili. Saa mbili zinatosha kujua kama lugha inamshinda au kompyuta haiwezi, na hiyo inatupeleka kwenye hatua ambayo wapendekezaji wengi huiruka.

Hatua ya tatu: pima lugha bila kumwaibisha

Magemu haya hayapo kwa Kiswahili. Yamejaa maneno, na mara nyingi neno moja ndilo fumbo lenyewe. Mtu anayejiweza kwa Kiingereza cha ofisini anaweza kukwama kwenye Kiingereza cha mabaharia wa karne ya 19, na akajiona mjinga ilhali tatizo ni msamiati tu. Usimuulize kama anajua Kiingereza, maana atasema ndiyo. Mfungulie dakika tano za gemu lenyewe, mkae pamoja, na umtazame kama anasoma mpaka mwisho wa sentensi au anabonyeza ili ipite.

Kwa uzoefu wangu, mzigo wa lugha uko hivi. Mwepesi kabisa ni mfululizo wa Cube Escape wa watengenezaji wa Uholanzi, ambao una maneno machache sana, ni wa bure kwenye simu, na ni mahali pazuri pa kumwanzishia mtu, ila picha zake zinatisha. Golden Idol ina maandishi mafupimafupi ambayo unaweza kuyasoma polepole na kamusi mkononi, kwa kuwa hakuna anayekukimbiza. Obra Dinn ina maneno machache ya kusoma, lakini inahitaji sikio, maana lafudhi ya msemaji huweza kuwa dalili. Ace Attorney ni ndefu mno, ingawa maandishi yanakusubiri. Juu kabisa ipo Disco Elysium ya mwaka 2019, gemu la mpelelezi aliyeamka bila kumbukumbu, lisilo na mapigano ya kawaida na lenye maandishi yanayozidi maneno milioni moja. Ni kazi kubwa ya kifasihi, na mimi humpa mtu anayesoma riwaya za Kiingereza kwa starehe, si mwingine yeyote.

Hatua ya nne: umri na damu

Mauaji ndiyo chakula cha aina hii ya magemu, kwa hiyo usiyatoe kwa mtoto kwa kuwa tu picha zake ni za katuni. Kwa mtoto wa shule ya msingi anayependa vitendawili, Professor Layton ya kampuni ya Level-5, iliyoanza Japani mwaka 2007, inafaa, kwani kila mtu katika kijiji chake ana fumbo la kutega. Duck Detective ya mwaka 2024 nayo ni fupi, ya saa chache, na kosa linalochunguzwa ni dogo la ofisini. L.A. Noire na Disco Elysium ni za watu wazima, basi.

Niongeze neno kuhusu magemu ya bure ya kutafuta vitu vilivyofichwa kwenye picha, kama Criminal Case ya mwaka 2012, ambayo wengi wanayo kwenye simu. Yanapumzisha akili na sina ugomvi nayo. Lakini kutafuta kisu kwenye picha yenye vitu vingi ni kazi ya macho, na kumtambua muuaji hakuhitaji kufikiri sana. Mtu akikuambia kwamba alichoka na hilo, usihitimishe kwamba hapendi upelelezi. Huenda bado hajaupata.

Hatua ya tano: taja moja tu, na ulieleze bila kulifungua

Usimpe mtu orodha ya kumi. Atakwenda kuyatafuta yote YouTube, na picha ndogo za video zitamwonyesha sura ya muuaji kabla hajaanza. Mpe jina moja, na ukiweza umwekee wewe mwenyewe ili asiwe na sababu ya kutafuta.

Katika kulieleza, mimi husema mambo manne tu: kazi atakayofanya, mahali na wakati, saa zitakazotumika, na jambo linaloweza kumsumbua. Kwa Obra Dinn ninasema: "Wewe ni mkaguzi wa bima. Mwaka ni 1807, na meli iliyopotea imerudi bila mtu hata mmoja aliye hai. Una kitabu, na una saa ya mfukoni ambayo ukiifungua karibu na maiti utasikia sekunde zake za mwisho gizani, kisha utaona kile kitambo alichofia kimeganda mbele yako. Utafute majina ya watu 60 na kilichompata kila mmoja. Itakuchukua kama saa kumi, kuna vifo vya kutisha, na picha ni za rangi mbili tu." Hapo ninanyamaza.

Kunyamaza kuna gharama, nami nilijifunza kwa kukosea. Niliwahi kumpa binamu yangu gemu moja, ambalo silitaji kwa ajili ya wasomaji ambao hawajalicheza, na wakati namwekea kwenye kompyuta nikamwambia kwa furaha, "Mtazame sana yule mpole." Nilidhani nimemwongezea hamu. Alilimaliza siku tatu baadaye, akanirudishia flashi yangu, akasema kwa upole kwamba alijua tangu dakika ya kumi na alikuwa anasubiri tu wengine nao wajue. Sifa pia hufichua. Ukisema "mwisho wake utakushangaza", mchezaji ataanza kumshuku kila asiyeshukiwa, na mshangao unakufa kabla ya wakati wake.

Hatua ya sita: usiku wa kwanza

Mnunulie kaunta buku na kalamu. Kompyuta nzima haina chombo kinacholingana na karatasi kwa kazi hii, hata kama gemu lina daftari lake la ndani. Mwelekeze agawe ukurasa sehemu mbili: upande mmoja mambo aliyoyaona, upande wa pili mambo anayodhani. Wachezaji wengi wanaokwama hawajakosa dalili. Wameandika dhana mahali pa jambo lililoonekana, na wakajenga juu yake.

Mshauri pia acheze kwa vipindi vya saa moja na nusu hivi, tena kwa siku zinazofuatana. Gemu la aina hii likiachwa wiki mbili husahaulika majina, na kuanza upya hakuwezekani kwa sababu niliyoieleza mwanzoni.

Hatua ya saba: msaada, na wakati wa kuutoa

Wazee wetu waliliweka sawa jambo hili katika vitendawili. Mtegaji hatoi jibu mpaka aliyeshindwa atoe mji. Nami nafuata kanuni hiyohiyo: simsaidii mtu anayesema "hili gumu", simsaidii anayekunja uso, ninamsubiri atamke mwenyewe kwamba amefika mwisho na anataka msaada. Hata hapo sitoi jibu. Kwanza ninamwomba anisomee kwa sauti alichoandika. Ikishindikana, ninamwonyesha mahali pa kurudi bila kutaja cha kutazama. Ikishindikana tena, ninamuuliza swali moja la kweli, kama vile "Una uhakika gani kwamba hao wawili walionana?" Sijawahi kuhitaji ngazi ya nne.

Ngazi ya kwanza peke yake hufanya kazi mara nyingi kuliko mtu anavyotarajia. Jumamosi moja ya Agosti, upepo ukipiga bati na vumbi likiingia chini ya mlango, mpwa wangu alikuwa nyumbani kwangu Makole akicheza Obra Dinn kwa siku ya nne. Alikuwa amekwama tangu saa kumi. Akasema, "Mjomba, basi, nimetoa mji." Nikamwambia anisomee daftari. Akasoma watu ambao bado hajawapatia majina, kila mmoja kwa lakabu aliyompa: mwenye kofia, mwenye ndevu, yule wa ngazini. Alipofika kwa yule wa ngazini akanyamaza katikati ya neno. Akafunua kurasa mbili nyuma, akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akaweka kidole cha mkono wa pili kwenye mstari mwingine, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akaandika majina matatu kwenye kitabu cha gemu. Obra Dinn haithibitishi jina mojamoja; husubiri mpaka visa vitatu viwe sahihi kwa pamoja, ili mtu asiweze kubahatisha. Ilithibitisha yote matatu. Mimi nilikuwa sijasema lolote zaidi ya "nisomee".

Hatua ya nane: baada ya kumaliza

Siku hiyo msikilize kwanza. Atataka kueleza alivyodhani na alivyokosea, na maelezo hayo ndiyo yatakayokuambia gemu linalofuata. Aliyefurahia kukamata uongo aende Her Story hata kama alianzia Ace Attorney. Aliyefurahia kupanga akitoka Golden Idol yuko tayari kwa Obra Dinn, na si kinyume chake, kwa kuwa Golden Idol humfundisha kutazama kabla ya kudhani. Acha wiki chache zipite katikati, maana anayetoka kwenye gemu zuri huyapima mengine yote kwa hilo na huyaonea.

Mwambie pia afute hatua alizohifadhi kama kompyuta inatumiwa na wengine nyumbani, na aliweke mbali daftari lake. La mpwa wangu liko kabatini kwangu, limefungwa kwa raba. Mdogo wake yuko kidato cha pili, ameanza Golden Idol mwezi huu, na ameshaniuliza mara mbili ndani ya lile daftari kuna nini.